Maji yanangaa, juu ya nini samaki wanakufa?



Kati ya maulizo yenye kutufikia liko moja lenye kurudi kila mara, na sana sana linatoka kwa vijana. Wamepewa samaki wekundu wa kuangalia, wale wenye kungaa sawa dhahabu. Wamewatia ndani ya bokali ya kiyo ao ndani ya akwariyumu ku saluni, na kisha siku chache taabu inaanza. Wanasema: "Maji inachafuka mbio. Tunasafisha kila siku ya pili, tunasugua kiyo na sabuni mpaka inangaa, na tena samaki banakufa. Juu ya nini?"

Mutu mwingine atacheka: "Samaki wa kuangalia bure, na tomsoni iko bei ile ku soko!" Tumuache acheke. Tunajua nyumba ambamo watoto wanakaa kimya saa nzima mbele ya akwariyumu, na mama anapata nafasi ya kusonga bukari bila kelele. Na mutoto akikuta samaki wake amelala ubavu juu ya maji asubuhi, ile si mambo ya kucheka kwake.

Basi jibu letu litawashangaza. Mara nyingi samaki hawa hawafi juu ya uchafu. Wanakufa juu ya usafi, usafi wa sabuni na wa kumwanga maji yote. Tufafanue pole pole.

Samaki anakula, na sehemu ya chakula inatoka tena katika mwili wake. Kinyesi tunakiona chini ya mawe. Lakini iko kitu kingine kinachotoka ndani ya matamvua yake, zile nyama nyekundu za kupumulia: ni amoniaki. Amoniaki haina rangi. Maji yanaweza kuwa safi ya kungaa sawa maji ya chupa, na samaki anaungua matamvua ndani yake. Ndiyo maana macho yako hayatoshi kuhukumu maji.

Nani anaondosha amoniaki hii? Vijidudu vidogo sana, bakteria, vyenye kuishi juu ya mawe, juu ya kiyo, na zaidi ndani ya sifongo ya filtri. Ndani ya maji yenyewe viko vichache tu. Jamaa za wafanyakazi wa mine mutaelewa mara moja: mawe yakitoka mu mine hayawi shaba siku ile ile, yanapita ku konsantrateri, kisha ku fonderi, na kila fasi iko na watu wake. Hapa pia ni vile. Kundi la kwanza la bakteria linakamata amoniaki na kuigeuza nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Kundi la pili linakamata nitriti na kuigeuza nitrati, na nitrati haisumbui samaki upesi, mpaka ikizidi. Ile nitrati ndiyo tunaipunguza sisi wenyewe kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Sasa fikiri. Siku ya posho kijana anamwanga maji yote, anasugua mawe kwa sabuni, anakamulia sifongo chini ya robine yenye klori, anatia maji mapya. Maji yanangaa, kila mutu anafurahi. Kumbe amefukuza wafanyakazi wote wa usine siku moja, na samaki wanaendelea kuleta amoniaki sawa jana. Bakteria wapya wanaomba wiki 4 mpaka 6 kwa kujazana vizuri. Samaki wanaingoja ile siku ndani ya sumu yao wenyewe. Wanakufa kisha siku tatu, nne, na kijana anasema: "Hakika maji yalikuwa machafu, nisafishe zaidi." Na mambo yanaanza tena.

Kwa hiyo kazi ya kila juma ni hii. Mangaribi ya mbele, jaza ndoo na uiache wazi mpaka kesho yake mangaribi, ni kusema saa 24. Klori inatoka pole pole yenyewe, na ukikoroga mara kwa mara inatoka mbio zaidi. Kisha ondosha robo ya maji ya akwariyumu, si yote, ukivuta kinyesi chini ya mawe kwa mupira mwembamba. Usivute kwa kinywa. Jaza mupira na maji kwanza, ziba ncha mbili na vidole, tia moja ndani ya akwariyumu na ingine ndani ya ndoo yenye kuwa chini, achilia, na maji yatashuka yenyewe. Ukiona sifongo imeziba, ikamulie ndani ya maji yale uliyoondosha, si chini ya robine, na kukamulia kidogo kunatosha. Kiyo cha ndani unapangusa na kitambaa kisicho na sabuni. Tia maji mapya pole pole, yenye joto karibu sawa na la mule ndani. Ndiyo hivi. Mutoto wa miaka 12 anaweza, na sabuni haingii hata siku moja.

Bokali, sasa. Tunajua inapendeza juu ya meza, na ku filimu samaki anazunguka mule na kucheka. Lakini bokali ya lita 4 ni nyumba ya mateso. Samaki huyu ni wa jamaa ya karpa. Wachina walianza kumufuga na kuchagua rangi zake imepita miaka elfu moja, ndani ya visima vya bustani, si ndani ya glasi. Anakuwa mukubwa: wale wa mwili mrefu wanapita sentimeta 20 wakitunzwa vizuri, na wanaishi miaka mingi kuliko imbwa wa nyumbani. Huko Uingereza samaki mmoja aliyeitwa Tish alipatikana ku michezo ya sherehe mwaka 1956, akafa mwaka 1999, akiwa na miaka 43. Wengi kwetu hawamalizi miezi 3, na watu wanafikiri ndiyo umri wao.

Fundi wa viyo anaweza kukutengenezea akwariyumu. Ya sentimeta 60 kwa urefu, 30 kwa upana na 30 kwa kimo inabeba lita 54, na ukiacha nafasi juu utatia karibu 45. Kwa samaki wadogo wawili ni mwanzo muzuri, hata kama kisha miaka miwili utatafuta kubwa zaidi. Mwambie fundi akamate silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu, aiache ikauke siku kadhaa, kisha uioshe kwa maji mengi mbele ya kutia samaki. Na angalia meza: lita moja ni kilo moja, pamoja na kiyo na mawe utapita kilo 60. Kimeza cha televizyo hakikufanywa kwa ile.

Chakula ndicho kinachafua maji kuliko yote. Samaki huyu hana tumbo la kuweka akiba sawa letu, chakula kinapita moja kwa moja ndani ya matumbo yake membamba. Kwa hiyo anaonekana kuwa na njaa saa yote, na anakuja ku kiyo kuomba kila mutu akipita. Baba anatia kidogo asubuhi, dada mukubwa anatia kidogo saa sita, mutoto anatia bukari, mugeni anatia mukate. Saa kumi maji ni meupe sawa ya mupunga uliooshwa. Muchague mutu mmoja wa kulisha, wengine mikono nyuma. Atie kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili, mara moja ao mbili kwa siku. Siku moja ya juma wafunge kabisa, haitawadhuru. Bukari na mukate hapana. Petipwa zilizochemshwa na kuondoshwa ngozi wanazipenda, na zinawasaidia matumbo.

Kuhusu rangi za maji. Maji meupe sawa maziwa yaliyochanganywa yanakuja mara nyingi ndani ya akwariyumu mupya, ao kisha kulisha sana: ni bakteria wa aina ingine wanaojazana ndani ya maji. Watu wanaogopa na kumwanga yote, na weupe unarudi siku tatu nyuma yake. Usimwange. Punguza chakula, badilisha robo, ngoja. Yataondoka yenyewe. Maji ya rangi ya chai yanatoka ku kipande cha muti ulichotia, hayadhuru. Vumbi lenye kuelea siku ya kwanza ni mawe yasiyooshwa.

Maji ya kijani ni mambo ya mwangaza. Ni mimea midogo sana isiyoonekana mmoja mmoja, inakula nitrati na jua. Ondosha akwariyumu karibu na dirisha, funika na bulangeti siku tatu ao nne usiifunue, lisha kidogo tu, kisha badilisha robo. Maji ya kijani hayaui samaki mchana, hata yanawapa oksijeni. Usiku yanawaibia. Ukiwakuta asubuhi mbele ya jua wote wako juu wanafungua kinywa, chota maji na kikombe, uyamwange tena mule kutoka juu, mara nyingi, yakamate hewa.

Sasa tufike ku jambo lililotufanya kuandika ukurasa huu mwezi huu, sababu ni la kwetu, watu wa shaba. Vitabu vya Ulaya havilisemi sana.

Kijana anataka akwariyumu yake iwe nzuri. Nyumbani iko malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari, ambalo mafundi wetu wanatengeneza mikufu na vyombo vya kuweka jivu la sigara. Ao kaka yake ni mukrezeri, ameleta jiwe jeusi lenye kobalti. Ao amepita karibu na terili, ule mulima mweusi wa masazo ya fonderi ya Lubumbashi, ameokota mawe yenye kungaa sawa kiyo. Anayaosha vizuri, anayapanga chini. Kweli, inapendeza.

Na tazama namna mambo yanavyodanganya: kisha siku chache maji yanangaa kuliko mbele. Kijani kinaisha ku kiyo, konokono wadogo wanaisha, kila kitu ni safi. Kijana anawaambia rafiki zake: "Malakiti inasafisha maji!" Ni kweli kabisa kwamba shaba inaua mimea ile midogo, watu wanatumia dawa ya shaba kwa kuiua ndani ya visima vya bustani, kwa kipimo kidogo sana. Lakini malakiti ni shaba iliyoungana na hewa ya kaboni na maji, na inayeyuka kidogo kidogo, hasa maji yakiwa na uchachu. Hakuna mwenye kupima kipimo mule. Shaba haina rangi katika kiasi kile kidogo, haina harufu, na bakteria hawaigeuzi kitu kingine. Inabaki na kuongezeka. Konokono wanakufa kwanza. Kisha samaki wanajificha, wanabana mapezi, wanajisugua ku mawe, wanapumua mbio. Maji yasiyo na chokaa, sawa maji ya mvua, yanafanya sumu hii iwe kali zaidi. Fasi zenye mwamba wa chokaa, sawa ile ya Kakontwe pale Likasi, maji yenye kuacha weupe ndani ya sufuria yanapunguza ukali wake, lakini hayaumalizi.

Sheria yetu basi ni ngumu: jiwe la kijani ao la bluu, hapana. Jiwe lolote la mine, la terili, la kandokando ya kiwanda, hapana, hata likiwa zuri namna gani. Malakiti iwekwe juu ya kabati, pale inangaa bila kuua mutu. Kwa akwariyumu kamata mawe meupe magumu ao changarawe ya muto usiopita karibu na mine, oshe mpaka maji yatoke safi, mwangie maji ya moto, ngoja yapoe. Wala usichemshe mawe ndani ya sufuria, mengine yanapasuka.

Na kama uliishatia? Ondosha mawe yale leo, pamoja na changarawe iliyokuwa chini yake, maana shaba inashika mule. Hapa kubadilisha robo hakutoshi: badilisha nusu kwa maji yaliyopumzika, na kesho nusu tena, na siku ile ingine. Sifongo ya filtri uiache, utawahitaji wafanyakazi wako. (Muko dawa ya samaki ku maduka yenye kuitwa kijani cha malakiti. Ile ni jina la rangi tu, haina shaba ndani. Usiwaze kwamba jiwe linaweza kushika nafasi yake.)

Maneno haya yanafuatana na mengine mawili. Moja ni mapipa. Tunaona watu wanakata pipa la plastiki lenye kutoka ku kampuni na kulifanya kisima cha samaki ao cha kuweka maji. Pipa lililobeba asidi ao dawa za usine halioshwi likawa la samaki, wala la kunywa. Ile si mambo ya samaki tu, mama wa nyumba asikie. La pili ni mikono. Baba akitoka kazini na vumbi, ao kaka akitoka ku shimo, mikono isiingie ndani ya akwariyumu mbele ya kunawa na kusuuza sana, sababu sabuni nayo ni adui.

Kurani ikienda, filtri inasimama. Saa moja ao mbili si kitu. Ikipita usiku muzima, bakteria ndani ya filtri iliyofungwa wanakosa oksijeni na kuanza kufa. Fungua filtri, ondosha sifongo, uiache ielee ndani ya akwariyumu yenyewe. Usilishe samaki mpaka umeme urudi. Ukirudi, kamulia sifongo kidogo ndani ya maji ya ndoo mbele ya kuwasha, usije ukasukuma maji yaliyooza juu yao. Wenye kukosa umeme siku nyingi kwa juma waweke samaki wachache ndani ya maji mengi, ni dawa nzuri kuliko mashini.

Baridi ya mwezi wa sita na wa saba isiwaogopeshe. Samaki hawa hawaombi mashini ya joto, wanavumilia usiku wetu wa baridi vizuri. Wanapunguza kula, na wewe punguza. Mwezi wa kumi ndio unataka macho, sababu maji ya joto yanabeba oksijeni kidogo. Wakati wa mvua, maji ya robine yakitoka na udongo, yaache ndani ya ndoo mpaka udongo ushuke, na ukamate ya juu. Maji ya mvua ya mabati usiyategemee peke yake, na karibu na fonderi usiyakamate kabisa.

Wakizidi ukubwa ao ukichoka nao, usiwapeleke Kafubu wala Lufira. Ni samaki wageni, wanachafua maji kwa kuchimba udongo na wanaweza kuleta magonjwa kwa samaki wetu. Mupe jirani mwenye kisima.

Na yale maji ya njano unayoondosha kila juma, usiyamwange ku njia. Yamejaa nitrati, ile ile mimea inatafuta. Mwangia lengalenga nyuma ya nyumba mangaribi, utaona majani kisha siku kumi. Ila yale yaliyokaa na malakiti, yasifike ku mboga.